Alama za kusoma na kusikiliza zimekwama: tafuta chanzo kabla ya kununua kitabu kingine

Hapa Lamu wanaojiandaa kwa mitihani ya juu ya Kiingereza ni watu wa kila namna: wauguzi wanaotafuta kazi Uingereza, vijana wanaotaka shahada ya pili ng'ambo, walimu, waongoza watalii. Wengi hufanya IELTS, wachache hufanya C1 Advanced ya Cambridge. Malalamiko yao yanafanana, na dawa wanayojipa inafanana pia. Kila anayekwama hujiambia kuwa hana msamiati wa kutosha, basi huchukua daftari akaanza kukariri orodha za maneno magumu. Miezi hupita na alama ziko palepale, kwa sababu mara nyingi tatizo halikuwa msamiati.

Kwa hiyo anza na kipimo. Fanya jaribio moja kamili kwa saa, bila kusimamisha rekodi. Sahihisha. Kabla hujasoma maelezo ya majibu, rudia yale uliyokosa tu. Ya kusoma yarudie bila kujiwekea muda. Ya kusikiliza yasikilize tena, na ukishindwa fungua maandishi ya mazungumzo yaliyo nyuma ya kitabu. Hapo kila kosa litaingia katika fungu lake. Ulilolipata ulipojipa muda ni kosa la kasi. Ulilolielewa mara tu ulipoyaona maandishi ni kosa la sikio. Ulilolijua ukaliandika vibaya ni kosa la mkono. Lile ambalo hata kwa muda na kwa maandishi bado linakushinda, hilo ndilo la lugha, na hilo pekee ndilo linalotibiwa kwa msamiati. Andika jina la fungu kando ya kila swali ulilokosa. Lililojaa zaidi ndilo la kushughulikia kwanza.

Sura ya mitihani yenyewe ni hii. Katika IELTS, kusikiliza kuna sehemu 4, maswali 40, kama dakika 30, na rekodi hupigwa mara moja tu. Kusoma ni maswali 40 kwa dakika 60. Ukipata 30 kati ya 40 katika kusikiliza, au katika kusoma kwa wanaofanya Academic (aina ya IELTS ya masomo ya juu na taaluma), uko karibu na alama ya 7 katika kipimo cha IELTS, ambayo ndiyo baraza la wauguzi la Uingereza huitaka katika kusoma na kusikiliza. C1 Advanced huunganisha kusoma na matumizi ya lugha katika karatasi moja ya dakika 90 yenye maswali 56. Kusikiliza kwake kuna maswali 30 kwa kama dakika 40, na kila rekodi husikika mara mbili. Tofauti hiyo ya mara moja na mara mbili ibaki akilini, maana tiba nyingine zinafaa mtihani mmoja na hazifai mwingine.

Dalili: muda unaisha kabla ya kufika kifungu cha mwisho

Chanzo kinachoonekana zaidi ni kung'ang'ania swali moja. Mtu hukaa dakika 4 akipigania alama moja, huku maswali mepesi ya kifungu cha tatu yakimngoja bila kuguswa. Angalia hivi: unapofanya jaribio, andika saa kila unapomaliza kifungu. Ukiona kifungu cha kwanza kimekula dakika 25, jibu limepatikana. Katika IELTS Academic vifungu huzidi ugumu kadiri unavyoendelea, kwa hiyo lenga kama dakika 15 kwa cha kwanza, 20 kwa cha pili, 25 kwa cha tatu. Swali likikugomea, weka alama kando, andika jibu unalolidhania, songa mbele. Jibu lisilo sahihi halipunguziwi alama, kwa hiyo usiache nafasi tupu hata moja.

Cha pili ni kutafsiri kimoyomoyo. Mtu anasoma sentensi ya Kiingereza, anaigeuza Kiswahili kichwani, ndipo anaielewa. Kazi inakuwa mara mbili. Jipime kwa kusoma aya moja, funga kitabu, sema kwa Kiingereza chako mwenyewe, hata kibovu, aya ilihusu nini. Ukijikuta unaanza kwa Kiswahili, hapo ndipo dakika zinapopotelea. Dawa yake ni kusoma kwa wingi maandishi mepesi kidogo kuliko ya mtihani, kila siku, bila kamusi mkononi. Maktaba iliyo ndani ya Ngome ya Lamu ina utulivu wa kutosha kwa kazi hii. Nenda na kitabu kimoja, soma nusu saa bila simu.

Cha tatu, ambacho si cha wengi, ni kusoma kifungu chote neno kwa neno kabla ya kutazama swali lolote. Pitia kichwa cha habari na sentensi ya kwanza ya kila aya, ujue kipi kimekaa wapi, kisha nenda kwenye maswali.

Onyo moja la karatasi: katika kusoma kwa IELTS hakuna dakika za ziada za kuhamisha majibu. Ukiyaandika kwenye kijitabu ukisema utayanakili mwishoni, unaweza kupoteza hata yale uliyoyapata.

Dalili: True, False, Not Given zinanichanganya kila mara

Katika maswali haya unapewa kauli, nawe useme kama kifungu kinaithibitisha (True), kinaipinga (False) au hakisemi lolote juu yake (Not Given). Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo watu wenye Kiingereza kizuri kabisa huangukia.

Chanzo kikuu ni kujibu kwa ujuzi wako badala ya kujibu kwa kifungu. Tuseme kifungu kinaeleza kwamba nyumba nyingi za kale za mji wa Lamu, ingawa si zote, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na kwamba mji uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Chini yake kuna kauli mbili. Ya kwanza: nyumba zote za kale za Lamu ni za matumbawe. Ya pili: nyumba za matumbawe ni ghali kukarabati kuliko za matofali ya saruji. Mtu wa mtaa wa Mkomani aliyewahi kukarabati ukuta wa babake ataandika True kwa ile ya pili bila kusita, maana gharama anaijua. Lakini kifungu hakikutaja bei popote, kwa hiyo jibu ni Not Given. Ile ya kwanza ni False, kwa kuwa kifungu kimesema "si zote" na kauli imesema "zote".

Jiulize swali moja tu kwa kila kauli: je, naweza kuweka kidole juu ya sentensi inayoithibitisha au inayoipinga? Kidole kikipata sentensi inayoithibitisha, ni True. Kikipata inayoipinga, ni False. Kisipopata pa kukaa, ni Not Given, hata kama unajua ukweli ulivyo. Fanya zoezi hili kwa kidole hasa, na penseli, upige mstari chini ya sentensi. Wanaolifanya kwa macho tu hurudi kwenye kubahatisha.

Chanzo cha pili ni maneno madogo yanayobeba hukumu: yote, baadhi, hasa, pekee, mara chache, inaaminika kuwa. Yazungushie duara katika kauli kabla hujakitafuta chochote. Chanzo cha tatu ni kudhani kwamba neno la kauli lisipoonekana kifunguni basi jibu ni Not Given. Watunzi hubadilisha maneno kwa makusudi. Tafuta maana, wala usitafute neno.

Maswali ya kuoanisha vichwa na aya yana ugonjwa wake mmoja: mtu hushika mfano uliomo ndani ya aya akauita wazo kuu. Aya inaweza kutaja popo kwa mistari minne na bado iwe inahusu jinsi sauti inavyosafiri.

Kwa wa C1 Advanced, ile sehemu ya kurudisha aya zilizoondolewa hushindwa zaidi kwa sababu ya viwakilishi. "He", "she", "they", "this", "such" mwanzoni mwa aya ni kamba inayofungwa kwenye aya iliyotangulia. Sisi tuna "yeye" mmoja kwa mwanamume na mwanamke, hivyo jicho letu huiruka tofauti ya "he" na "she" bila kujua. Kila ukikutana na kiwakilishi, chora mshale hadi kwa mtu au kitu kinachotajwa. Mshale ukikosa pa kwenda, aya hiyo si yake.

Dalili: nasikia sauti, lakini maneno hayashikiki

Anza na vifaa, maana ndicho chanzo rahisi kuondoa. Je, vipokea sauti vyako vinatoa sauti masikio yote mawili? Je, programu ya simu imewekwa kasi ya kawaida? Rekodi uliyotumiwa kwa WhatsApp huenda imekwaruza kwa kupita simu nyingi. Ipate kutoka kwenye tovuti rasmi ya mtihani, uipakue saiba au nyumbani bando likiwepo, ili umeme na mtandao visikukatishe katikati.

Vifaa vikiwa sawa, sababu ya kawaida ni kwamba neno unalijua kwa jicho na sikio lako halijawahi kulikuta. Kiswahili kina irabu tano zinazosikika wazi kila mahali, na mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza kina irabu nyingi zaidi, mkazo wake unahamahama, na silabi zisizo na mkazo humezwa. "Comfortable" aliyoisoma mtu kwa silabi nne humfikia masikioni kama "kamftabl". Kati ya "photograph" na "photographer" mkazo umehama na irabu zimebadilika zote. Neno la kila siku linakuwa geni.

Dawa yake ni imla. Chagua dakika moja ya rekodi yenye maandishi. Isikilize yote mara moja. Kisha andika sentensi moja moja, ukirudia kila unapotaka. Linganisha na maandishi, upige mstari chini ya kila ulichokosa, halafu utamke sentensi hizo pamoja na msemaji hadi ulimi wako ufuate mwendo wake. Dakika moja ya namna hii kila siku ina faida kuliko kuacha rekodi ikilia nyumbani huku unapika.

Kuna kundi ambalo hushangaa kuambiwa sikio lao lina kasoro: wanaofanya kazi na wageni. Ukiwa Malindi unazungumza na Waitaliano kutwa, au Shela unapokea wageni wa kila nchi hotelini, unazoea Kiingereza cha polepole cha watu ambao nao si lugha yao. Mtihani unatumia sauti za Uingereza, Australia, New Zealand na Marekani, kwa kasi yao ya kwao. Sikiliza redio ya BBC World Service kwa Kiingereza, na utafute mahojiano ya redio za Australia, ambayo ndiyo lafudhi inayowasumbua wengi wetu.

Dalili: nikikosa swali moja, nakosa na matatu yanayofuata

Hili ni la IELTS zaidi, kwa kuwa hakuna kurudiwa. Chanzo karibu kila mara ni kukaa kuomboleza swali lililopita. Majibu huja kwa mpangilio wa maswali katika sehemu kubwa ya mtihani, kwa hiyo macho yawe kwenye maswali mawili kwa pamoja: hili na linalofuata. Ukisikia maneno ya linalofuata, lililopita limekwisha, liache. Fanya mazoezi ya kuacha kwa makusudi: ruka swali moja kati ya kila matano na uhakikishe unalipata linalofuata.

Chanzo cha pili ni kutotumia sekunde za kimya unazopewa kabla ya kila sehemu. Hizo ni za kukisia aina ya jibu: ni tarehe, ni jina, ni kitu, ni wingi au umoja?

Dalili: nilisikia jibu kabisa, kumbe si lenyewe

Msemaji hujisahihisha. Anataja Alhamisi, mwenzake anamkumbusha kuwa ni sikukuu, wanakubaliana Ijumaa. Aliyeandika Alhamisi alisikia vizuri na bado amekosa. Usifunge jibu hadi mada ibadilike. Katika sehemu ya tatu, wanafunzi wanapojadiliana na mwalimu, neno likitajwa haina maana limekubaliwa. Ngoja usikie aliyelipendekeza amejibiwaje.

Dalili: majina, namba na saa zinaniangusha

Hili ni letu hasa. Sisi tumejifunza herufi kwa Kiswahili, na katika Kiingereza herufi E hutamkwa kama i yetu, I hutamkwa "ai", A hutamkwa "ei". Msemaji akitaja herufi za jina la ukoo, mkono unaandika i mahali pa e. G na J nazo hubadilishana. Mwambie mwenzako akusomee herufi za majina kumi ya Kiingereza kwa simu kila jioni, hadi mkono uache kusita.

Saa ni mtego mwingine. Ukisikia "quarter to nine" akili inasema saa tatu kasorobo, na kwenye karatasi inatokea 2:45. Andika tarakimu kama ilivyotamkwa, usiipitishe Kiswahili. Namba za 13 na 30, 14 na 40 zitofautishe kwa mkazo: wa kumi na kitu huvutwa mwishoni, wa makumi hugonga mwanzoni. Namba za simu huwa na "double" na "oh" kwa sifuri.

Dalili: majibu nilikuwa nayo, alama sikupewa

Muuguzi mmoja wa Langoni alinionyesha karatasi yake ya mazoezi ya kusikiliza, amekata tamaa kabisa. Tukaipitia pamoja mstari kwa mstari. Aliandika "ticket" palipotakiwa "tickets", "book" palipotakiwa "books", na kadhalika hadi chini ya ukurasa. Maneno yote aliyasikia. Kiswahili huonyesha wingi mwanzoni mwa neno, kwa hiyo sikio letu limezoea kungoja habari mbele na kulegea nyuma, huku Kiingereza kikiiweka "s" nyembamba mwishoni. Nilimwambia asitafute sauti peke yake, atazame sentensi ya swali: kama kitenzi ni "are", au mbele kuna "several", basi "s" inahitajika hata kama hakuisikia.

Makosa mengine ya mkono ni kuzidisha idadi ya maneno na tahajia. Ukiambiwa yasizidi mawili, matatu hayana alama hata kama maana ni sahihi. Tahajia ikikosewa, jibu limepotea. "Accommodation", "February", "Wednesday" na "library" ziandike hadi uzijue usingizini. IELTS ya karatasi hukupa dakika 10 mwishoni mwa kusikiliza za kuhamisha majibu, ya kompyuta hukupa 2 za kuhakiki. Unapohamisha au kuhakiki, kagua mambo mawili, wingi na tahajia.

Dalili: nyumbani napata juu, kituoni nashuka

Kwanza jiulize kwa ukweli: nyumbani unasimamisha rekodi? Unapumzika kati ya vifungu? Basi alama ya nyumbani haikuwa ya kweli. Pili, unafanyia mazoezi kwenye kioo cha simu na mtihani umejisajili wa kompyuta. Tafuta kompyuta hata ya kuazima, usome vifungu virefu juu ya kioo kikubwa.

Tatu ni safari. Mtahiniwa wa Lamu kwa kawaida hufanyia mtihani Mombasa au Nairobi. Anavuka kwa boti hadi Mokowe, anapanda basi, anapita Witu, Garsen na Malindi, anafika amechoka na vumbi, kesho yake asubuhi anakaa chini kusikiliza sauti isiyorudiwa. Kama uwezo upo, fika siku mbili kabla. Ukiwa na jamaa Mombasa, mwombe shangazi au mjomba chumba kisicho na kelele usiku huo, na umweleze kwa nini. Mtihani ukiangukia Ramadhani na tarehe nyingine zipo, chagua nyingine. Beba kitambulisho kilekile ulichojisajilia.

Hapa simama, mtafute mtaalamu

Kama unawaomba watu warudie hata wanapozungumza Kiswahili, kama sikio lina mlio, maumivu au limeziba, acha mazoezi ya vipokea sauti na nenda hospitali. Hospitali ya kaunti ya King Fahd ipo hapa mjini Lamu, anzia huko. Usijichokoe kwa pamba ya kijiti wala kumimina mafuta ya moto. Nta iliyoganda huondolewa na mhudumu kwa muda mfupi.

Kama mistari inacheza, kichwa kinauma baada ya ukurasa mmoja au macho yanatoa machozi, pima macho kwanza. Macho yakiwa mazima na bado kusoma kumekuwa taabu tangu utotoni, kwa lugha zote, mwone mtaalamu wa matatizo ya kusoma. Ukiwa na ripoti, vituo vya mtihani hupanga msaada kama muda wa ziada, lakini uombe mapema, unapojisajili.

Kama moyo unakimbia na mikono inatetemeka kila unapoiona karatasi, na usingizi umekuhama kwa majuma, hilo ni la mshauri nasaha au daktari.

Na akitokea mtu akakuambia anao mtihani wa wiki ijayo, au anauza cheti bila kukaa kwenye kiti, usimtumie hata shilingi. Vyuo na waajiri huhakiki matokeo ya IELTS moja kwa moja kwenye mfumo.

Matokeo yakitoka na unaamini yamekosewa, IELTS inaruhusu kuomba yasahihishwe upya ndani ya wiki 6 kutoka siku ya mtihani, kwa ada. Lakini kusoma na kusikiliza husahihishwa kwa majibu yaliyokwisha wekwa, hivyo ombi hilo lina nafasi ndogo huku kuliko katika kuandika na kuzungumza. Kwa waliofanya kwa kompyuta, baadhi ya vituo hutoa nafasi ya kurudia stadi moja tu ndani ya siku 60. Kabla ya kulipia, uliza chuo au baraza unalopeleka cheti kama wanakubali matokeo ya namna hiyo. Waandikie, upate jibu lao kwa maandishi, ndipo ulipe.